Mume wangu alinisomea mwisho ambao haupo kitabuni

Admin, jina langu lifunike na la mume wangu pia, maana Karatu ni ndogo, ukikohoa sokoni unaambiwa pole kanisani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Sioni tangu utotoni, ni surua iliyonifanya hivi. Mume wangu ni kibarua kwenye shamba la kahawa. Haya nayaandika kwa vidole vyangu mwenyewe, kwa hiyo asitokee mtu wa kuuliza nani kaniandikia.

Miaka sita iliyopita tulijaliwa mtoto wa kiume, nimwite Dani. Hajatimiza hata miezi sita akashikwa na homa na kuharisha. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mbulu kunisaidia. Akamfungua mdomo, akasema huyu ana meno ya plastiki, yale ambayo huku kwetu watu wanaamini yasipong'olewa mtoto haponi. Nikapitisha kidole kwenye fizi za mwanangu. Zilikuwa fizi tu, laini. Nikamwambia mama, mbona sioni dalili ya jino hapa? Akanijibu, "Mwanangu, haya yanaonwa kwa macho." Sasa mimi macho ninayo? Akampeleka kwa mzee anayeyang'oa, na walipokuja kumkimbiza hospitali, mtoto alikuwa ameshapoteza damu nyingi. Dani hakurudi. Mimi mpaka leo naitwa Mama Dani.

Sikulia sana, niseme ukweli. Niliganda. Nikawa napika, nafua, nalala. Matanga yalipoisha nikafunga begi langu nirudi kwetu, nikaliweka nyuma ya mlango. Mume wangu alilijua lile begi, maana kila akiingia analigonga na mguu. Alichofanya ni kuendelea kunisomea. Tangu tuoane, tukishakula, huwa ananisomea kitabu. Vile vya nukta nundu, vya kusoma kwa vidole, niliviacha shuleni, kitabu kimoja tu kinajaza kiroba. Wakati huo tulikuwa katikati ya riwaya ya zamani, ya mwanamke anayeteswa na mama mkwe wake. Tuliianza kabla ya msiba.

Mwisho wake alinisomea taratibu sana, kurasa nikizisikia zinageuka. Yule mwanamke amejitwika mzigo wake anaondoka, akamkuta mama mkwe amekaa kizingitini analia, hana hata wa kumpa maji. Mwanamke akautua mzigo. Akarudi jikoni, akawasha moto, akamchemshia chai. Mimi nikainuka pale pale, nikafungua begi, nikarudisha nguo zangu kabatini. Haukupita muda nikaenda Mbulu kumpa mama mkwe mkono. Watu wakanisifu kwamba nina moyo.

Sasa mwaka huu shirika moja lilituita sisi wasioona wa Karatu na Ngorongoro, hata mama mmoja alishuka kutoka Nainokanoka, tuchague mashine za kusomea. Ni kifaa chenye mstari wa pini ndogo ndogo, zinainuka na kushuka chini ya vidole, unasoma nukta nundu bila karatasi. Ile kubwa ina mstari mrefu, tamu kusoma, ila inataka kompyuta na umeme, na umeme wetu mnaujua. Ile ndogo inayakata maneno yetu marefu katikati, lakini inaungana na simu na chaji yake inakaa. Mume wangu akaniuliza, ya nini yote hayo na yeye yupo? Nikachukua ndogo. Nilitaka kitu kinyamavu, maana simu yangu ikinisomea ujumbe kwa sauti, nyumba nzima inajua.

Vitabu ndiyo shughuli. Mwalimu aliyetufundisha hizo mashine alituunganisha na maktaba ya mtandaoni. Vya Kiingereza vimejaa, vya Kiswahili ni vya kuokoteza. Rafiki yangu niliyesoma naye akanitumia ile riwaya. Faili la kwanza lilikuwa picha za kurasa, mashine haikuinua hata nukta moja. Akaligeuza kuwa maandishi, akatuma tena. Kwa hamu nikaanzia mwishoni, nimfuate yule mwanamke na chai yake.

Chai haipo. Nilidhani mashine imeruka, nikarudi nyuma, nikasoma upya. Yule mwanamke hautui mzigo. Anampita mama mkwe pale kizingitini, anashika njia, na kitabu kinaisha akiwa bado anatembea.

Ndugu zangu, sikukasirika. Sikusikia chochote. Nilitoa vidole kwenye mashine nikavipakata. Sijui mume wangu alinipenda au aliniendesha. Ule msamaha nilioupeleka Mbulu sijui ulikuwa wangu au wake.

Na Jumamosi hii mama mkwe analetwa kwetu. Amepooza upande mmoja, wa kumlisha na kumwogesha ni mimi. Nilishakubali kabla sijasoma.

Jana mume wangu alinikuta na mashine mapajani. Akauliza nimefika wapi. Nikamwambia ndiyo kwanza naanza. Akasema, "Usiharakishe, Mama Dani. Mwisho wake si mzuri." Akatoka kwenda kupigilia misumari kitanda cha mama yake.

Naombeni mawazo yenu, na msinitukanie mtu. Nimwambie kuwa nimesoma? Jumamosi nikoke moto nichemshe chai ambayo haijaandikwa popote, au nimpite mama mkwe hapo mlangoni? Begi ninalo bado. Jana nimelipapasa, zipu yake ni nzima.