Mapovu Kwenye Injini ya Papa

Kila asubuhi pikipiki za abiria hupanda mlima ulio mbele ya nyumba yangu hapa Nyalukemba, Bukavu, nami, niliyezoea ukimya wa ofisi, nimejifunza kuzivumilia. Lakini wiki iliyopita ilipita moja iliyonisimamisha kalamu mkononi. Chini ya mngurumo wake palikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ya kupumua kwa shida: tsii, tsii, tsii, kama mtu anayefyonya kwa dharau. Nilitoka hadi barabarani nikiwa na kandambili na miwani yangu ya kusomea, nikamwambia kijana aliyeiendesha kwamba upepo ulikuwa ukivuja chini ya kichwa cha injini yake. Alinitazama kuanzia kilemba hadi miguuni.

"Maman, na weye unajua mambo ya moteur?"

"Leta maji ya sabuni," nikamjibu, "utaona mapovu."

Alicheka, akaenda zake. Nilirudi mezani lakini sikuweza tena kuendelea na nilichokuwa nikiandika. Maisha yangu yote ya kazi nimetunza majalada ya watu wengine, na si haki jalada la baba yangu libaki na uongo uliomo. Ninyi mnaosoma mtakuwa mashahidi wangu.

Ilikuwa zama za Zaïre. Baba yangu, Papa kwetu sisi watoto, kama wanaume wote wa ofisi aliitwa Citoyen, yaani raia, na alivaa koti la abakosti lililofungwa hadi shingoni hata jua lilipokuwa kali. Alikuwa mchanjaji katika idara moja ambayo sitaitaja, kwa sababu waliobaki humo leo hawana kosa. Mara mbili kwa wiki alifunga sanduku la barafu nyuma ya pikipiki ya serikali, ndani yake chanjo ya surua, akapanda barabara ya kwenda kijiji cha Miti, ambako akina mama walimngojea wakiwa na watoto mgongoni. Pikipiki ile ilikuwa ya kijani kibichi, na kila Jumapili baada ya misa aliiosha kwa kitambaa ambacho Maman, mama yetu, hakuruhusiwa kukigusa. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuikalia. "Mali ya serikali haina mwenyewe," alisema, "ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuiogopa."

Ugonjwa wa pikipiki ile ulianza polepole. Kwanza ilichelewa kuwaka asubuhi. Kisha ikaanza kuishiwa nguvu milimani, na mafuta meusi yakawa yanatoka kama jasho kwenye mapezi ya injini. Siku moja Papa alirudi akiwa amelowa hadi magotini. Alikuwa ameisukuma vilima vitatu, na alipofika Miti barafu ilikuwa imegeuka maji. Aliwarudisha akina mama wale makwao bila kumchanja mtoto hata mmoja, kwa sababu chanjo iliyopata joto ni maji tu. Chakula cha jioni hakukigusa.

Jumatatu aliipeleka kwenye karakana ya idara. Nilikwenda naye, maana shule yangu ilikuwa njia hiyo hiyo. Mkuu wa karakana alikuwa mtu mnene mwenye mikono safi mno kwa kazi yake. Hakuinama hata kidogo. Aliipiga teke la kuwasha mara mbili, akatazama yale mafuta, akatingisha kichwa kama daktari mbele ya maiti.

"Citoyen, hii moteur imekufa. Piston imekwisha. Umeitembeza bila mafuta."

"Mafuta naipima kila asubuhi," Papa alisema.

"Basi ilete ikitembea kabla ya saa sita ya Ijumaa. Kama haitembei, nitaandika."

Hata mimi, mtoto wa miaka tisa, nilielewa neno lile, nitaandika. Mtu aliyeandikwa kuwa ameharibu mali ya serikali alipoteza kazi, na jina lake likafuata nyuma yake popote alipoomba nyingine. Na safari ya Miti ingekufa pamoja naye, kwa kuwa idara haikuwa na mchanjaji mwingine aliyejua kuendesha.

Jumanne alasiri Papa aliisukuma pikipiki hadi uani kwa Papa Saidi. Huyu alikuwa mzee wa Kiislamu aliyetoka Uvira, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alikuwa ametengeneza mashine za Wazungu, za misheni na za wafanyabiashara, na hakuwa na haraka na yeyote kati yao. Alifungua plagi, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akamwambia Papa apige teke. Pumzi iliyosukuma kidole chake ilikuwa dhaifu. Akamimina kijiko cha mafuta tunduni, wakarudia, pumzi haikuongezeka.

"Ingekuwa piston na pete zake, mafuta yangeziba, pumzi ingepanda," alisema. "Haikupanda. Ugonjwa uko juu zaidi. Binti, kaniletee sabuni ya mamako."

Nilikimbia nikaleta kipande cha sabuni ya kufulia. Alikikoroga katika bakuli hadi povu likasimama, akalipaka kwa brashi kuuzunguka mstari ambapo kichwa cha injini kinakutana na silinda, akarudisha plagi mahali pake. Papa akapiga teke. Upande wa kushoto, nyuma, mapovu yakafura, moja juu ya jingine, yakapasuka. Tsii.

Mjomba wangu Bisimwa, mdogo wa Maman, ambaye hakukosa mahali palipokuwa na watu wawili wamesimama, alipiga makofi. "Muzee Saidi! Hii moteur yako sasa inafua nguo!"

"Inafua," Papa Saidi alijibu bila kugeuka. "Lete na suruali yako, ina siku nyingi."

Kisha akamwambia Papa, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema na mbaya pamoja: "Piston ni nzima. Ni joint ya culasse." Akatueleza kwamba katikati ya silinda na kile kichwa hukaa pete bapa ya shaba, na kazi yake ni kubanwa hadi izibe kila mwanya. Pete mpya haikuwepo Bukavu nzima. Lakini shaba iliyochoka, alisema, huponywa kwa moto.

Jumatano alilegeza nati nne, robo mzunguko kila moja, kwa kuvuka kama mtu anayechora ishara ya msalaba; nikamwambia hivyo, akacheka hadi kofia ikamdondoka. Pete ilitoka ikiwa nyeusi upande mmoja, pale moto ulipopenyea. Aliisafisha, akaiweka juu ya makaa ya mbabula, jiko la mkaa la Maman, nami nikapepea. Ilipokuwa nyekundu kama pilipili aliitoa kwa koleo, akaitumbukiza majini, akailaza juu ya kitambaa. Wakati wa sala ya alasiri ulikuwa umefika, mzee akaenda kusali. Papa alikuwa kazini. Nilibaki peke yangu na pete ile.

Nawaomba mnielewe. Babu yangu, mzazi wa Maman, alikuwa mhunzi huko Mwenga, na likizo zangu zote nilikaa karibu na mivukuto yake. Kwake nilijifunza kwamba chuma chekundu kikitumbukizwa majini hutoka kigumu, na nilimsikia akisema mara nyingi: "Kisichopigwa hakina nguvu." Sasa nikainua pete ya Papa Saidi, na badala ya ugumu nikakuta kitu kilicholegea, kilichopinda kwa uzito wake wenyewe kama ganda la ndizi. Nilishikwa na hofu. Nilifikiri mzee amekosea, kwamba pete imeharibika na kazi ya Papa imeharibika pamoja nayo. Nikaiweka juu ya jiwe la kufulia, nikachukua nyundo ndogo, nikaipiga kwa uangalifu wote, mzunguko baada ya mzunguko, kama babu. Ilinyooka. Iliimba chini ya nyundo. Niliirudisha juu ya kitambaa nikijiona nimeiokoa familia yangu, na nikaamua, kwa unyenyekevu uliojaa majivuno, nisimwambie mtu.

Alhamisi Papa Saidi aliichunguza kwenye mwanga, akakunja uso kidogo, akaifunga. Alikaza nati kwa mpango ule ule wa kuvuka. Papa alipiga teke, injini ikawaka, tukashangilia. Kisha mzee akapaka sabuni, na mapovu yakafura pale pale.

Bisimwa ndiye aliyesema kwanza. "Nilisema, huyu muzee anatupikia shaba kama mboga ya sombe! Peleka kwa ba mécanicien ba kweli."

Papa hakumkemea, na hilo ndilo lililoniumiza. Alimtazama Papa Saidi kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake, jicho la mtu anayeanza kushuku. "Muzee, ulihakikisha?"

"Nilihakikisha," Papa Saidi alisema. Mikono yake, iliyokuwa imetulia siku zote, ilikuwa ikitafuta kitambaa cha kujipangusia bila kukipata.

Nilisema. Sijui nilianza na neno gani, lakini niliyasema yote: babu, jiwe, nyundo. Nilingoja kofi. Papa Saidi alikaa juu ya kigoda chake, akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka.

"Binti wa mhunzi! Chuma ukikipiga kinakutii. Shaba ukiipiga inakasirika, inakuwa ngumu, haimkubali mtu tena. Ndiyo maana tunailegeza, ipate kulala vizuri kati ya wawili hawa. Shaba si chuma, binti yangu."

Papa aliniita pembeni. Alichuchumaa hadi macho yetu yakawa sawa, jambo ambalo abakosti yake haikupenda. "Nabintu, umekosa, umesema, tutarudia. Njo imeisha, yamepita." Kisha akamwendea Papa Saidi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Ijumaa asubuhi nilipepea tena makaa. Pete ikawa nyekundu, ikatumbukizwa, na safari hii Papa Saidi aliifunga katika leso yake na kwenda nayo msikitini kwa sala ya Ijumaa. Aliporudi, saa sita imekwisha pita, aliikaza kwenye injini. Hakuna povu. Hata moja. Papa aliiwasha, akashuka nayo barabarani na kuipandisha mlima mzima kwa gia ya tatu, na Maman akapiga vigelegele.

Tulifika karakana saa tisa. Nasema tulifika kwa sababu Papa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, alinipakia juu ya mali ya serikali. Aliacha injini ikiunguruma mbele ya mlango. Mkuu wa karakana alitoka, akaisikiliza, akatazama saa yake.

"Nilisema saa sita, Citoyen. Ripoti imekwisha kwenda. Kwa papier, kwa karatasi, hii moteur imekufa."

"Lakini unaisikia."

"Naisikia. Lakini papier ndiyo inasema."

Mkuu alizima injini yeye mwenyewe, akaweka ufunguo mfukoni. Papa hakufukuzwa, bali walimwondoa barabarani, wakamweka nyuma ya dirisha dogo kuandika kadi za wagonjwa, na huko alibaki hadi alipostaafu. Miti haikupata mchanjaji msimu ule. Akina mama wenye miguu imara walishuka hadi mjini, wengine hawakushuka. Baada ya miezi michache niliisikia pikipiki yetu ikipita mtaa wa Ibanda, imepakwa rangi nyekundu, juu yake mpwa wa mkuu wa karakana. Iliimba vizuri sana. Papa alisimama, akaisikiliza hadi ikapotea, akasema tu, "Muzee Saidi alikaza vizuri."

Tulichelewa kwa saa tatu. Nilizibeba saa hizo tatu utoto wangu wote na sehemu kubwa ya utu uzima. Laiti nisingeshika nyundo, tungekuwa karakana Alhamisi. Nilisoma kwa bidii ili nizilipe. Niliingia kazi ya serikali ili nizilipe. Sikuwahi kumwambia Papa, naye alikufa akidhani ile Alhamisi ilikwisha pale alipochuchumaa.

Ndipo, nikiwa mtunza kumbukumbu, yalipohamishiwa kwetu majalada ya idara ile yaliyofungwa. La baba yangu lilikuwa jembamba. Ripoti ilikuwemo, imepigwa mashine, mihuri miwili, sahihi tatu: injini imekufa, sababu ni uzembe wa mwendeshaji. Niliitazama tarehe yake kama anavyotazama mtu wa kazi yangu, kabla ya maneno. Haikuwa Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu, siku ile ile mkuu wa karakana alipotupa muda hadi Ijumaa. Na nyuma yake palikuwa na sahihi ya kupokea nakala, kwa mwandiko nilioujua kuliko wangu, yenye tarehe ya Jumanne.

Jumanne. Papa alikuwa ameisoma asubuhi, na alasiri akaisukuma pikipiki hadi kwa Papa Saidi. Aliponichuchumalia Alhamisi alikwisha jua kwamba saa sita ya Ijumaa ilikuwa mchezo wa paka na panya. Alitutazama tukipepea makaa, akapiga teke kila alipoambiwa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulikuwa tukiiokoa kazi yake. Yeye alikuwa akifanya jambo jingine, na alikuwa ameliandika, mahali pekee ambapo walilazimika kumpa nafasi ya kuandika. Chini ya sahihi yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka, aliweka mstari mmoja wa Kifaransa ambao nautia hapa kwa Kiswahili, ili ukae karibu na uongo ule daima:

"Nimepokea. Mashine itarudi ikitembea."