Jarida la Pili

Miaka yote aliyofuma masweta ya wanafunzi, Mama Sindano alinunua jarida la ufumaji kila lilipotoka, na hakutupa hata moja. Yalijaa kwenye chumba kidogo alichofumia, yakapanda juu ya kabati, mengine yakageuka meza ya kuwekea taa. Macho yalipoanza kumgomea aliacha kazi. Mkwewe akashika mimba, na mwanawe akamwambia kwamba chumba kile sasa kinahitajika kwa ajili ya mtoto.

"Nitayatafutia watu," alisema.

Watu walipatikana, tatizo lilikuwa yeye. Mwenye duka aliyataka yote ya kufungia vipande vya sabuni, akatolewa nje kwa adabu. Mwalimu wa chekechea alitaka watoto wakate picha. "Kwa mkasi?" Mama Sindano aliuliza, na mazungumzo yakaishia hapo. Hata waliojua kufuma hawakupona, maana aliwawekea sheria: unachukua jarida moja, unafuma kitu kilichomo, unamletea akikague, ndipo unapata la pili. Kazi aliikagua kwa upande wa ndani, kwa sababu huko ndiko uvivu hujificha. Wengi walichukua la kwanza wakaingia mitini.

"Mama, kwa mwendo huu mtoto ataoa na hicho chumba bado kimejaa," mwanawe alilalamika.

"Akioa nitamfumia sweta."

Uvumilivu ulimwishia mwanawe. Alimwita mnunuzi wa karatasi chakavu aje Jumamosi. Mama Sindano hakubishana. Nyumba ni ya mwanawe. Alikaa kwenye kigoda katikati ya marundo, akiyapangusa vumbi moja moja, na aliumia. Alichokijua maisha yake yote kilikuwa kinakwenda kupimwa kwa kilo.

Ijumaa mkwewe aliingia, tumbo mbele, mkono mmoja mgongoni. Huyu ndiye aliyenung'unikia vumbi la majarida kuliko wote. Alitoa kofia ya mtoto, nyeupe, imepinda upande mmoja.

"Mama, nilichukua moja bila kuomba. Nimekuja kuomba la pili."

Mama Sindano aliigeuza ndani nje. Kwa vile macho hayakumsaidia, alipitisha kidole gumba.

"Hapa uliangusha kitanzi, mwanangu. Na hapa ukakiokota, ukadhani sitajua."

"Nilijua utajua."

Mama Sindano akavuta uzi. Kofia ikafumuka mstari kwa mstari, ukabaki ukingo tu. Mkwe aliangalia mpaka mwisho. Kisha akaketi juu ya rundo, akapokea sindano, akaanza upya.

Jumamosi mnunuzi wa karatasi alimkuta mkwe palepale.

"Samahani kwa usumbufu, kaka," alimwambia bila kuinua kichwa. "Haya yana mwenyewe."

Mumewe alitaka kusema neno, akaziona zile sindano, akamsindikiza mnunuzi mlangoni. Kitanda cha mtoto kiliingizwa chumbani kwa wazazi wake, na baba wa mtoto hakuulizwa.

Kofia ilifumuliwa tena na tena. Mpaka inakubaliwa, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaizidi. Mama Sindano aliikagua ndani, akaikagua nje, akaivisha ngumi yake mwenyewe. Halafu akainama kwenye rundo, akapapasa, akachomoa la pili.

"Haya, chukua," alimwambia mkwewe. "Hili lina masweta."