Futi Tano Zilizopotea Kipini

Nilikwenda kuyahesabu mawe ya ile ngome ili ibomolewe. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wanaonisifu siku hizi hudhani nilikwenda kuiokoa.

Ninafundisha uashi katika chuo cha ufundi Garsen. Kwetu ni Hewani, ambako nyumba nyingi nilizokulia ndani yake zilikuwa za miti na udongo, na mto ukifurika mtu huanza upya bila kulia sana. Mawe nimeyajua ukubwani, na labda ndiyo maana nayapenda kupita kiasi. Barua ilipofika kutoka kwa kamati ya shule moja ya msingi nje kidogo ya Kipini, ikiomba fundi wa kukadiria kama mawe ya gofu lililo jirani yao yangetosha kujenga darasa, niliomba nipelekwe mimi.

Nilifuatana na mwalimu mwenzangu, Muorma mrefu, mcheshi, ambaye nyanya yake alikuwa akibomoa nyumba ya fito asubuhi na kuisimamisha kwingine jioni.

"Nyumba isiyoweza kuhama si nyumba," aliniambia njiani. "Ni mzigo."

Wenyeji wanaiita husuni, yaani ngome, ingawa ni ndogo hivi kwamba ukizungumza upande mmoja unasikika upande wa pili. Kuna ua uliozungushiwa ukuta wa matumbawe, umeanguka upande unaoelekea mtoni. Katikati ya ua kuna nyumba moja ya mraba: chini ni chumba kimoja kikubwa, na juu yake ni dari bapa ya boriti za mikoko na chokaa, nene kama godoro la pamba. Dari hiyo ina ukingo wenye matundu ya kuchungulia. Ngazi hakuna. Kila mtu alidhani wenyewe walikuwa wakipandia kwa ngazi ya mbao iliyooza zamani.

Aliyetupokea ni bi mkubwa mmoja anayeishi jirani. Mbuzi wake hulala katika ua ule kama masultani. Alituona tunahangaika na tepu mlangoni, akamwita mwenzangu kwa sauti kali:

"Ndoo! Ndoo hapa!"

Mwenzangu akatazama huku na huku, akaiona ndoo ya mbuzi kunywea maji, akambebea mbio. Bi mkubwa alicheka hadi akashika kiuno. Kwa lafudhi ya huko, "ndoo" ni "njoo". Alitaka tu kutuonyesha mahali penye nyuki.

Tulipima tangu asubuhi. Kazi yenyewe ni rahisi: urefu, kimo, unene wa kuta, kisha unapata kiasi cha mawe. Ilipokaribia saa sita tuliketi barazani kwa bi mkubwa nikaanza kupiga hesabu. Upande wa magharibi, kwa nje, ulikuwa futi thelathini na mbili. Chumba kwa ndani, upande huohuo, futi ishirini na tatu. Unene wa kuta tuliupima mlangoni na dirishani: futi mbili, basi kuta mbili za mwisho ni futi nne. Ishirini na tatu na nne ni ishirini na saba.

"Umekosea," mwenzangu alisema.

"Pima wewe."

Akaenda. Akarudi. Hakutania tena. "Thelathini na mbili," alisema. "Na ndani ni ishirini na tatu."

Nimewafundisha vijana miaka mingi kwamba jengo halidanganyi. Likionekana kudanganya, kuna kitu hujakipima. Tukaingia tena ndani, safari hii tukikimbia. Nikaugonga ukuta wa kaskazini kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Ulijibu kizito, kizito, kizito. Nilipofika karibu na pembe ukajibu kama ngoma.

"Bi mkubwa!" niliita. "Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

Alisimama mlangoni, mtandio umemwanguka mabegani. "Hapo ndipo wake walipomezwa," alisema.

"Wake gani?"

"Wa zamani. Mama yangu alinambia, naye aliambiwa na mamake. Maadui walipokuya, wanaume walikuwa shamba. Wake wakaingia ndani ya ukuta na watoto wao, ukuta ukawameza. Maadui wakatafuta, wakatoka bure. Wale wakaondoka, ukuta ukawatapika, wazima."

Alisimulia kama mtu anayesimulia mvua ya juzi. Mwenzangu na mimi tukatazamana.

Ukuta ule ulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya kuwekea taa na vyombo, vilivyopangwa kwa safu. Kimoja, cha pembeni, kilishuka hadi sakafuni. Mgongo wake ulikuwa wa mawe madogo yaliyoshindiliwa kwa udongo, bila chokaa. Hakuna fundi wa chokaa ambaye angemalizia hivyo; palizibwa kwa haraka. Nilijua nilipaswa kusimama, nikaandike barua kwa wanaoshughulikia mambo ya kale, nikasubiri. Sikusubiri. Baadaye waliponikaripia niliinamisha kichwa, kwa kuwa walikuwa na haki.

Tuliyatoa mawe moja moja, tukiyaandika namba kwa chaki ili yaweze kurudishwa. La tisa lilipotoka, hewa ilinipiga usoni: ya baridi, yenye harufu ya chokaa na popo. Nikamulika kwa simu.

Ngazi. Ngazi ya mawe, nyembamba, inapanda ndani ya unene wa ukuta na kukata kona.

Nilipiga kelele. Sina aibu kusema hivyo. Nilipiga kelele kama mtoto aliyefunga bao. Mwenzangu alirukaruka na kofia yake mkononi, na mbuzi wakatawanyika ua mzima.

Tulipanda kwa mikono ukutani. Kwenye daraja la nne nilijikwaa. Mwenzangu, nyuma yangu, akajikwaa palepale. Nikainama kupima: lilizidi mengine kimo kwa inchi mbili. Tulibishana papo hapo gizani. Yeye alisema liliwekwa makusudi, ili adui anayekimbiza ajikwae. Mimi nilisema fundi alianza juu na chini kwa wakati mmoja, hesabu zikakutana vibaya, akaficha. Nimewahi kufanya kosa hilohilo Garsen. Hadi leo tunabishana.

Kisha kipande cha dari kilichofunika tundu la juu kikasogea nilipokisukuma, nikatoa kichwa kwenye jua. Mto Tana, umekolea tope, ulikuwa ukiingia baharini, na mpaka wa maji mekundu na ya buluu ulionekana kama umepigwa kamba. Pale juu mtu aliweza kumwona yeyote ajaye, kwa maji au kwa nchi kavu.

Alasiri mwenyekiti wa kamati alikuja kuuliza hesabu ya mawe. Ni mtu mnene, mpole, na watoto wake watatu walikuwa wakisoma katika kibanda cha mabati. Sikumpa hesabu. Nilimwambia, "Panda kwanza." Alipanda ubavu ubavu, akakwama konani, tukamsikia akicheka humo ndani ya ukuta. Aliposhuka alikuwa mweupe kwa vumbi.

"Hatuvunji," alisema. Halafu akanikazia macho. "Lakini mwalimu, darasa bado nalitaka."

"Utalipata."

Likizo iliyofuata nilileta wanafunzi wangu na mashine ya kugandamiza matofali ya udongo. Walilalamikia jua, mbu na ugali wa mwenzangu, lakini darasa lilisimama, lenye madirisha mapana na ukuta uliosimama wima kwa timazi. Wale wa mambo ya kale walikuja, wakapiga picha, wakaturuhusu kutegemeza dari kwa boriti mpya na kufunga kamba ya kushikilia kwenye ngazi.

Siku tuliyomaliza, bi mkubwa alisema naye anataka kupanda. Alikuwa ameishi miaka yake yote hatua thelathini kutoka pale na hajawahi kufika juu. Mimi nilitangulia, mwenzangu akawa nyuma yake, na kwenye daraja la nne tukamwambia pamoja, "Inua mguu!"

Juu, alizunguka ukingo mzima, akichungulia tundu baada ya tundu, akitaja kwa sauti ndogo kila alichokiona: shamba la ndugu yake, mnazi wa msikiti, mtumbwi wa nani, nguo za nani zilizoanikwa. Kisha akakaa chini, akanyoosha miguu kwenye chokaa yenye joto.

Nilimuuliza kama tushuke.

"Nyinyi shukeni," alisema. "Mimi nileteeni chai huku huku."