Jiwe la Mzee Maige

Ukimwamkia mzee Maige shikamoo, hajibu marahaba mpaka akuangalie mikono kwanza. Ukiwa umeshika futi ya kupimia, kopo la rangi au hata karatasi iliyokunjwa, shikamoo yako itabaki hewani. Mimi nimepanga chumba kwake, huku mlimani, Nyamagana yote ukiitazama kwa chini. Nilipohamia alinihoji kama ile diploma niliyoishia katikati ilikuwa ya upimaji ardhi. Nikamwambia ilikuwa ya utalii. Hakuniamini.

"Watalii nao wanapimaga," alisema.

Zamani hakuwa hivi. Maige ni fundi makochi, na miaka yote aliyokuwa mpangaji kwa mama Selina, chini kidogo kwenye mlima huu huu, yeye ndiye alikuwa mdomo wa mtaa. Kila mkutano anasimama: barabara ya kupanda huku iko wapi? Mama mkwe wake alipougua, alishushwa na wanaume wanne akiwa kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa. Alifika hospitali na malaria yake, pamoja na misumari miwili mgongoni. Maige aliisimulia habari hiyo mpaka wenye nyumba wakawa wanatazama viatu vyao.

Mama Selina ndiye pekee aliyemjibu. "Kaa chini wewe. Barabara ikija, mpangaji unahamisha godoro. Mimi nitahamisha nini, ukuta?"

Baadaye Maige akapata kiwanja chake huku juu. Kwetu kiwanja cha mlimani ni mawe yenye nafasi katikati. Akajenga nyuma ya jiwe kubwa kama lori la pamba, na siku bati la mwisho lilipopigwa msumari, msimamo wake ulibadilika kabla fundi hajashuka kwenye ngazi. Barabara? "Maendeleo hayataki haraka." Dorotea, mwenyekiti wa mtaa, ambaye Maige alikuwa akimwita "yule mama anayetulaza", akawa mheshimiwa. Uchaguzi ulipofika akampigia kampeni mpaka sauti ikamkauka. Dorotea alisifika kwa jambo moja tu: hakuna kitu kilichowahi kufanyika akiwa madarakani. Mzee wangu aliona huo ndio ulinzi wa nyumba.

Basi mwaka huu wakaja wapimaji. Wakazunguka zunguka, wakaondoka. Kwenye lile jiwe wakaacha mstari mwekundu.

Maige alimshuku mama Selina, kwamba ndiye aliyewaelekeza. Akamshuku mheshimiwa. Jioni ikawa zamu yangu.

"Wewe uliwapa maji."

"Waliomba, mzee."

"Najua waliomba. Kwa nini waliomba kwako?"

Nikamshauri aende ofisi ya mtaa akaulize mstari ule ni wa nini. Akanitazama kama nimemwambia awapelekee ufunguo. Alisema ukienda kuuliza, wanajua una wasiwasi. Wakijua una wasiwasi, wanaanza na wewe. Akausugua mstari kwa petroli. Ukabaki.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, akafanya lile linalojulikana na kila aliyejenga kwenye milima hii. Alipanga magogo na matairi mabovu kulizunguka jiwe, akalichoma kutwa, kisha akalimwagia maji ya baridi. Jiwe likalia, likapasuka. Kina mama wanaogonga kokoto wakaja na nyundo zao, wakalimaliza. Mstari hakuna, jiwe hakuna. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Maige alininunulia soda.

Kwenye mkutano wa mtaa akakaa mstari wa mbele, mkono juu ya goti, kama mtu aliyekwisha kushinda. Mpimaji akasimama kando ya Dorotea.

"Barabara inakuja," akasema. "Tulipanga iishie pale kwenye jiwe kubwa, ndipo tulipochora mstari wa mwisho. Lile jiwe tusingeliweza. Sasa nimepanda asubuhi nimekuta peupe kabisa. Nani ametusaidia?"

Macho yote yalijua pa kwenda.

"Itapanda mpaka juu, mkitaka," mpimaji akaendelea. "Kuna sebule ya mtu itaguswa, na chumba kimoja cha mbele."

Chumba cha mbele ni changu.

Mama Selina alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Maige, baba! Si uliililia mwenyewe? Pokea!"

Dorotea akasema wanaotaka barabara ifike juu wanyooshe mikono. Wapangaji wote wakanyoosha. Maige akageuka taratibu, akanitafuta. Mimi nina godoro moja, ndoo na begi, na kwenye ule mteremko nimeshaanguka mara nyingi wakati wa mvua. Nikanyoosha.

Aliutazama mkono wangu kwa muda, kwanza kiganja, halafu vidole.

"Nilijua," akasema. "Utalii!"