Jini niliyempeleka Katonga kwa maiki

Ndugu zangu, filamu mliyoipenda kuliko zote mwaka huu imeniponza.

Nimeonyesha filamu tisa za kutisha kwenye banda langu la video hapa Buzebazeba. Ya jini wa ziwani ilijaza watu sitini na watatu kwenye mabenchi ya arobaini!

Mnajua natafsiri mwenyewe kwa maiki. Jana nikatia chumvi: nikasema jini anatokea ufukweni Katonga, dagaa wetu wanakoshushwa, na anajificha humo kwenye dagaa.

Leo mke wangu, anayeuza dagaa sokoni, ameshindwa kuuza hata kopo. Ndoo sita zimebaki. Akanipigia simu:

“Baba Rehema, wamesikia kwako. Njoo umtoe jini wako!”

Nikakimbilia sokoni, nikaapa kwamba nilitunga.

“Mzee wa maiki, jini amekutisha ukane?” Wateja wakacheka.

Akasogea Mama Divine, mkimbizi kutoka Burundi.

“Nilivuka ziwa hili usiku na watoto wanne. Niliokuwa nawakimbia ni watu, si jini. Nipimie.”

Kicheko kikakatika. Lakini hakuna mwingine aliyenunua.

Dagaa wabichi hao, jua linapanda, mke wangu hasemi nami.

Nisaidieni jamani: mtu aliyeamini uongo wako bila kuuliza, ukweli utamwingia kwa mlango gani?