Mguu Uliotangulia Haleluya

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu: mimi Mkenya, mwalimu wa hesabu, kwenye gitaa, fundi pikipiki wa Kiganda kutoka mtaa wa Hai Mauna kwenye dramu, na mwimbaji wetu wa hapa Juba, aliyekulia Kenya, akipiga besi. Tulipiga roki ya zamani, ile ya kaseti za wazazi wetu, tukaichanganya na midundo ya harusi za hapa na maneno ya Kiarabu cha Juba. Majirani wa mtaa wetu wa Munuki walishatufukuza kwenye nyua mbili. Haki ya Mungu, hata mbuzi walikuwa wanahama.

Kanisa ndilo lililotuokoa. Lilikuwa na umeme wa sola, na mama kiongozi wa kwaya ndiye aliyeshika ufunguo. Kila Jumamosi alitufungulia, kwa sharti moja: Jumapili tuipigie kwaya yake, tena kwa adabu. Tukimwaibisha, basi, bendi imekwisha. Hatukuwa na pengine pa kwenda.

Sasa, mazoezini fundi akigonga vijiti mara nne, mguu wangu unakanyaga pedali na gitaa linanguruma. Ndivyo tulivyozoea. Nne, kanyaga. Nne, kanyaga.

Jumapili ya kwanza kanisa lilijaa pomoni. Fundi akagonga nne, polepole, kwa heshima zote. Na mguu wangu, mjinga yule, ukakanyaga.

Lo! Mabati yalitetemeka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwimbaji alinitazama kana kwamba nimeuza ng'ombe wa babake. Nilipotaka kuizima pedali, nikasikia kigelegele nyuma yangu. Mama wa kwaya alikuwa anaruka, kitambaa juu, na kwaya nzima inaruka naye! Fundi, ambaye hajawahi kungoja ruhusa maishani mwake, akaongeza mwendo. Jamani, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi wangu waliokuja ibadani.

Baada ya ibada mama akaniita pembeni, uso kaukaza. Nikajua ufunguo ndio huo umekwenda.

"Malesh, mama," nikaanza kuomba radhi, "ni mguu tu..."

"Wewe mwalimu, hiyo kelele yako iko mzuri," akanikatiza kwa Kiswahili chake cha Juba. "Lakini wewe nakuja haraka. Ngoja sisi naimba haleluya kwanza, halafu wewe nakanyaga."

Akanishika mkono, akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Jumamosi fungua mapema. Kwaya yote nakuja."