Bibi, Gari Limepona?

Fundi wa magari huyu watu walimwita Milimita, na jina lilimstahili. Ukimpelekea gari linalogonga kidogo, atalipima wiki nzima, na siku ya kulichukua utakuwa umeshazoea kutembea kwa miguu. Kazi yake haikuwa na doa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: haikuisha.

Miaka tisa iliyopita binti yake, kitinda mimba, alijifungua mtoto wa kike huko alikoolewa, nchi tano kutoka kwa wazazi wake. Mke wa Milimita, fundi cherehani, alitaka kwenda siku ileile. Lakini alikuwa na maradhi ya masikio, na daktari alikuwa amempiga marufuku kupanda ndege.

"Usijali, mama," Milimita akamwambia. "Nitakupeleka mwenyewe kwa gari."

Wiki hiyohiyo akanunua jipu bovu, akalivuta mpaka uani, na ukutani mwa karakana akabandika ramani. Kwenye kila mpaka akapigilia msumari, kisha akafunga uzi mwekundu kutoka msumari hadi msumari mpaka mlangoni kwa binti yake. Ilipendeza, nisimwonee.

Basi, mwaka huu injini, mwaka ujao giaboksi, mwaka wa tatu springi hazijamridhisha. Mke akashona mapazia ya madirisha ya jipu. Yakapauka kwa jua palepale uani, akashona mengine, nayo yakapauka. Kila Jumapili mjukuu alipiga simu na kuuliza swali lilelile: "Bibi, gari limepona?" Alianza kuliuliza akiwa na meno ya utoto, na sasa ya mbele yameng'oka na mengine yameota. Jirani yao muuza mkaa alikuwa akipita getini akitania, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako!" Milimita alicheka. Mkewe hakucheka.

Mwaka huu, ajabu, mambo yakaiva. Pasi za kusafiria zikatoka. Siku ya kuondoka ikapangwa, Jumatatu. Likabaki jambo moja tu, kitabu cha forodha, kile ambacho hugongwa muhuri kwenye kila mpaka ili ijulikane gari limeingia na limetoka. Ijumaa asubuhi mkaguzi wa forodha akaja kulikagua jipu ili kitabu kitolewe. Alikuwa msichana mwenye buti na tochi, hana maneno mengi. Mikoba ilikuwa imeshafungwa, na mapazia ya tatu yananing'inia dirishani, mapya kabisa.

Mkaguzi akafungua boneti, akaguna kwa kuridhika. "Mzee, hii injini mtu anaweza kulia wali juu yake."

Milimita akavimba kichwa.

"Sasa namba ya chesisi, niinakili tumalize."

Mkaguzi akapiga magoti karibu na gurudumu la mbele, akalaza karatasi nyembamba juu ya chuma cha fremu, pale namba ya gari huchongwa kiwandani, akasugua kwa penseli ili tarakimu zijitokeze. Karatasi ikatoka nyeusi tupu. Akasogea kidogo, akasugua tena. Nyeusi.

"Mzee, namba iko wapi?"

"Ipo hapohapo, mwanangu. Miaka yote ipo hapo." Milimita akainama, akapitisha kidole. Chuma kilikuwa laini kama sahani.

Ndipo akakumbuka. Miaka miwili nyuma aliona kutu hapo, kutu ya ukubwa wa ukucha. Mwingine angepaka rangi akaendelea na maisha. Yeye alikata kipande kizima urefu wa kiganja, akachomelea chuma kipya, akakipiga msasa siku tatu mpaka kiungo kikapotea. Kisha akawaita mafundi wenzake waje wakipapase. Walikuja saba. Wote walipapasa, wote walisifu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza namba imekwenda wapi!

"Na kile kipande ulichokata?" mkaguzi akauliza.

Aliyejibu ni mkewe, kutoka mlangoni.

"Kiko chini ya cherehani yangu. Mguu mmoja ulikuwa unayumba, akanipigia kabari."

Akaingia ndani mbio, akarudi nacho, akipangusa nyuzi zilizokiganda. Tarakimu zote zilikuwapo, zinasomeka bila miwani. Milimita akacheka kwa sauti, nguvu zikamrudia.

"Nipeni dakika kumi! Nakichomelea mahali pake, hata wewe mwenyewe hutaona kiungo."

Mkaguzi akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee, tafadhali, nijifanye sijasikia. Namba ya kuchomelea ndiyo alama ya gari la wizi. Mpaka wa kwanza tu, jipu watalichukua na wewe watakulaza ndani." Akafunga faili lake. "Unaweza kuomba namba mpya. Ni mwaka. Pengine miwili." Akaaga kwa huruma, akaondoka.

Mke alibaki na chuma mkononi.

"Ulipokuwa unakata, hukuiona namba?"

"Niliiona."

"Sasa?"

Milimita akatafuta uongo, akaukosa. "Niliona kutu tu, mama."

"Miaka tisa unaona kutu," mkewe akasema, wala hakupaza sauti. Akaenda kurudisha kabari chini ya cherehani.

Jumatatu asubuhi Milimita alimkuta mkewe amevaa kanga mpya na mkoba begani. Alidhani anakwenda sokoni. Alimfuata nyuma nyuma na ovaroli lake mpaka stendi, akamwona anamkabidhi utingo mkoba kwenye basi la kuvuka mpaka.

"Tiketi umekata lini?"

"Ijumaa."

"Basi hili linaishia nchi ya pili!"

"Nitapanda jingine. Na jingine."

"Na mimi je?"

"Wewe una gari," mkewe akajibu, akapanda.

Milimita aliwahi kuangukiwa na jeki mguuni. Ile haikuuma hivi. Alisimama pale, umri wa miaka sitini na mitatu, akaona waziwazi kwamba mwanamke huyu alikuwa anaondoka kweli. Akakimbilia dirisha la tiketi. Kilibaki kiti kimoja cha nyuma kabisa, juu ya injini. Akakichukua, ndipo akakumbuka pasi. Akapenya katikati ya abiria akihema, akafungua mdomo aombe arudi nyumbani mara moja. Mkewe, macho dirishani, alitia mkono kifuani mwa kanga akampa pasi yake. Alikuwa ametoka nayo nyumbani.

Basi likaondoka. Chini ya kiti cha Milimita kulikuwa na beringi inalia, inakaribia kufa. Aliisikia vizuri kabisa. Akaibana mikono katikati ya magoti, akanyamaza.

Walikuwa hawajafika mbali simu ya mkewe ikalia. Akaipokea, akasikiliza, akajibu maneno machache, kisha akageuka na kuipitisha nyuma, mkono kwa mkono, abiria hadi abiria, mpaka ikamfikia Milimita.

"Babu? Bibi amesema nikuulize wewe. Gari limepona?"

Milimita akatazama ovaroli lake, akatazama kisogo cha mkewe kule mbele.

"Limekufa, mjukuu wangu," akasema. "Tunakuja."